Umeme wa Ndani ya Kompyuta

Juzi kijana mmoja ofisini alishika kichwa, skrini yake imekuwa nyeusi. Nikabonyeza vitufe vitatu, kazi yake ikatokea, nami nusura nipige kelele.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa mchapaji mtaa wa Mchafukoge, Dar es Salaam, kwenye chumba kilichonukia wino na bajia za jirani. Mchana mmoja alikuwa anapanga kadi za harusi ya binti wa Bwana Kanti, muuza vitambaa, ambaye alikaa kwenye stuli akisubiri. Ghafla skrini ikaganda, na Mama alikuwa hajasevu chochote tangu asubuhi. Akabonyeza vitufe vitatu. Kadi yote ikapotea, yakabaki maandishi meupe gizani.

Nilidhani umeme umekatika, lakini feni juu yetu ilikuwa bado inazunguka. Nikaamua kwamba umekatika ndani ya kompyuta tu, na binti wa watu hataolewa tena.

"Mama Rehema, kadi ya mtoto wangu iko wapi?" Bwana Kanti aliuliza, amesimama.

"Ipo. Nimezungukia mlango wa nyuma tu."

Sasa najua kompyuta ile ilitumia Unix, mfumo wenye skrini kadhaa ndani ya mashine moja; alihamia skrini ya maandishi, akazima programu nyingine iliyokwama na kugandisha kila kitu, huku kadi ikimsubiri kule alikoiacha. Wakati ule niliona vidole tu. Akabonyeza tena, jina la bibi harusi likarejea na maua yake pembeni.

"Umerudiii!" nikapiga kelele, kama walivyofanya watoto wa mtaa mzima kila umeme uliporudi.

Bwana Kanti akakaa, akafuta jasho, kisha naye akasema taratibu, "Umerudi."