Mama Mkwe Alivyofaulu Mtihani wa Mikono

Jirani yangu Mama Kulwa ndiye aliyeniambia kwamba hospitali wanajaribu dodoso la kupimia mikono ya wenye maumivu ya viungo, na atakayeonekana ana shida atafundishwa mazoezi. Nikampeleka mama mkwe kutoka kijijini kwake Didia. Vidole vyake vimekakamaa.

“Shikamoo bibi. Unapata shida kufunga vifungo vya shati?” nesi akamuuliza.

“Marahaba. Sina shida.” Yeye huvaa kanga tu.

“Kufungua mlango kwa ufunguo?”

“Sina shida.” Mlango wake hufungwa kwa kamba.

“Kula kwa uma na kisu?”

“Hata kidogo!”

“Basi bibi, mikono yako mizima. Nenda nyumbani.”

Akatoka akitamba kama aliyefaulu darasa la saba. “Umeniona, mkamwana? Sikukosa hata moja!”

Mkwe hasahihishwi mbele za watu. Ila nadhani aliyetunga maswali yale hajawahi kusonga ugali.

Asubuhi yake nilimrudisha, nikamsogezea nesi karatasi niliyoandika mwenyewe: je, unaweza kukata viazi vitamu vya kuanika michembe? Kusonga ugali? Kukamua nguo? Mama mkwe akafeli yote, akapangiwa mazoezi. Alininunia njia nzima, nami nikambebea mkoba.