Bodi ya Watu Watatu wa Nyumba Moja

Wazo lilinijia siku nilipompeleka mzee mmoja wa kanisa letu kwa wakili, mjini Saint Paul. Ilikuwa miaka michache baada ya nyumba kushuka bei kila mahali, na mzee alitaka kwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Wakili akamweleza kuwa kabla ya kufungua kesi, sheria inamtaka apate ushauri wa madeni kwa shirika lisilo la faida lililoidhinishwa na serikali, kisha alete cheti. Mzee akauliza cheti kinapatikana wapi. Mimi nikauliza shirika linaidhinishwaje.

"Linaomba," wakili akasema, "na likitimiza masharti linaingizwa kwenye orodha."

Neno hilo, kuidhinishwa, lilinikaa. Nilikuwa nimesomea uhasibu Nairobi, lakini tangu nifike Minnesota kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwavalisha wakongwe katika nyumba ya wazee kule Anoka. Kitu pekee ambacho mtu yeyote aliwahi kuniidhinishia ni ovataimu. Nikajiona tayari nyuma ya meza, watu wetu wakiingia vichwa vimeinama na kutoka wametabasamu.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu, ambaye ni nesi na hana subira na ndoto.

"Nani atakupa ruhusa ya kufundisha watu mambo ya pesa?" akauliza.

"Serikali."

"Kwani serikali haijakuona ukiingia dukani?"

Hata hivyo alikubali kuwa mweka hazina, nadhani ili anichunge. Shirika lilihitaji bodi, kwa hiyo mimi nikawa mwenyekiti, na katibu akawa shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, aliyekuwa akiishi besimenti, chini ya nyumba yetu huko Crystal, akisubiri mambo yake yanyooke. Mkutano wa kwanza tulifanyia jikoni. Shemeji alipendekeza chai, mweka hazina akaunga mkono, na hoja ikapita bila upinzani. Nilituma maombi Washington. Hata kabla hayajafika nilichapisha tangazo lenye picha ya tai mwenye mabawa wazi, nikalibandika kanisani karibu na mlango wa choo, mahali ambapo kila mtu angepita.

Siku moja afisa wa Washington alipiga simu kuhusu maombi yetu. Tulikuwa tumepanga saa, basi nilivaa suti na tai shingoni kuipokea.

Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. "Mweka hazina wenu ana uhusiano gani nawe?"

"Ni mke wangu."

"Na katibu?"

"Ni ndugu yake."

"Anaishi wapi?"

"Hapa kwangu," nikasema. "Chini."

Akaeleza kwamba sheria inataka bodi ambayo wengi wa wajumbe wake hawana maslahi katika shirika, ili fedha za wateja zisiwe fedha za familia. Kisha akauliza washauri wetu wana uzoefu gani. Nikamwambia nimewahi kuendesha semina ya matumizi ya fedha kanisani.

"Kwa muda gani?"

"Jumamosi moja," nikajibu. Sikumwambia kwamba mvua ya theluji ilituvunjia kikao kabla ya chakula cha mchana.

Alinishukuru kwa heshima ambayo ilinitisha kuliko ukali. Kutoka chini nikamsikia shemeji akiuliza kama tumepita.

Majibu rasmi yalikuwa bado hayajatoka pale mteja wetu wa kwanza alipobisha. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Kivu, anayefanya kazi kwenye kiwanda kimoja Fridley. Mumewe alikuwa amelazwa hospitali muda mrefu, na bili zilipowashinda, wadai walianza kukata mshahara wake. Wakili alikuwa amemwambia alete cheti. Yeye akaliona tangazo letu lenye tai.

Nilimkaribisha jikoni kwa hotuba. Nilimweleza historia ya mkopo, ubaya wa kadi za benki, na umuhimu wa kuwa na bajeti. Alisikiliza mpaka nilipochoka.

"Asanti, Papa. Cheti iko wapi?"

Nikamwambia bado tunangoja idhini, ila akivumilia kidogo tutamhudumia vizuri.

"Papa, miye nilishangoja ku kambi miaka mingi," akasema. "Huku sitangoja tena. Kama hauna ruhusa, unipeleke kwa ule mwenye iko nayo."

Mke wangu, aliyekuwa akiosha vyombo, alinirushia funguo za gari.

Shirika lililokuwa kwenye orodha lilikuwa na ofisi ndogo Minneapolis, yenye viti vya plastiki na mshauri aliyevaa sweta. Hapakuwa na tai popote. Kwa kuwa hawakuwa na mtu wa Kiswahili siku hiyo, mama akakubali nitafsiri mimi. Mshauri aliuliza, "Kila mwezi unatumia kiasi gani kwa chakula?" Nami nikaligeuza swali kwa Kiswahili, nikaongezea kwamba angepunguza nyama, na kwamba wali wa gunia ni nafuu.

Mama akanitazama. "Ule dada amesema maneno kidogo. Hii ingine imetoka wapi?"

Mshauri hakujua Kiswahili, lakini alielewa sura zetu. "Mwambie tu nilichosema," akaniomba.

Kuanzia hapo nilikuwa mtoto mtiifu. Walipofika kwenye pesa za kutuma nyumbani, nilibana midomo, maana katika semina yangu nilikuwa nimeziita uvujaji. Mama alisema, "Aandike famille." Mshauri akaandika familia, akaendelea na swali lililofuata. Walipima kama angeweza kulipa polepole bila kwenda mahakamani, wakaona haiwezekani. Kwa kuwa kipato chake kilikuwa kidogo, hawakumtoza ada. Alitoka na cheti chake, nami nikatoka na aibu yangu, na tukazungumza habari za baridi njia nzima hadi Fridley.

Maombi yetu yalikataliwa. Shemeji alihuzunika kuliko mimi, kwa sababu ukatibu ndio uliokuwa kazi yake pekee. Lile shirika la Minneapolis baadaye liliniita kutafsiri siku nisizokuwa na zamu, baada ya kunipeleka kwenye mafunzo ambayo somo lake la kwanza lilikuwa kufunga mdomo.

Mahakama ilimfutia mama yale madeni, na mshahara wake ukaacha kukatwa. Alitualika kula, mumewe akiwa amerudi nyumbani, mwembamba ila mcheshi. Tulikula sombe, yaani kisamvu cha kwao, na bugali, ugali wao, mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Tulipotoka, gari langu liligoma kuwaka kwa baridi. Mama akasogeza lake, akafungua boneti na kutoa nyaya za kuunganishia betri. Nikaanza kumweleza ni waya upi unaotangulia.

"Washa, Papa," akasema. Alikuwa amekwisha kuziunganisha.