Ua Lenye Kutu Kitakoni

Jumatano, saa kumi na nusu jioni, nililiona shairi langu kwenye ubao wa matangazo wa shule, jina langu chini yake. Wasichana wa darasa letu walikuwa wamejazana pale wanacheka.

Niliandika juu ya kijana wa laini ya nyumba iliyo nyuma ya kwetu, hapa Shauri Moyo. Yeye hajui. Nikikutana naye naangalia viatu vyake hadi apite. Kwa hiyo katika shairi nilimfanya mfereji wa maji wa mtaa, mimi nikawa debe. Huku kwetu unaacha debe lako kwenye foleni alfajiri, unarudi kuchemsha chai, na debe linakuwa ndilo wewe. Walio nyuma wanalisukuma kwa mguu foleni ikisogea. Ukirudi, pengine limefika, pengine maji yamekatika. Basi mimi nampenda hivyo. Niliandika:

Debe langu li foleni, lasukumwa kwa mguu,
Lina kutu kitakoni, lina kiu hadi juu.

Beti zote zilikuwa za debe. Ukishajiita debe, unabaki debe mpaka mwisho, ujazwe au urudi nyumbani mtupu.

Mwalimu wa Kiswahili, niliyempa shairi hilo kama zoezi la darasa, alikuwa amefuta kila "debe" akaandika "ua". Mengine yote aliyaacha. Kwa hiyo pale ubaoni, mbele ya shule nzima, nilikuwa ua linalopigwa mateke, ua lenye kutu kitakoni.

"Niaje, Ua," alisema ninayekaa naye dawati moja. "Hiyo kutu umeipaka dawa?"

"Muacheni," mwingine akasema. "Anangoja kumwagiliwa."

Hata mimi ningecheka, kama lingekuwa la mtu mwingine.

Nilimkuta mwalimu mlangoni mwa ofisi, ameshika kikombe cha chai.

"Umeliona?" akauliza, amefurahi kweli. "Nimekusaidia, binti. Mapenzi yana staha yake. Debe linatafuta nini humo? Na mizani haijavunjika hata moja. Hesabu."

Nilihesabu. Ni kweli, haikuvunjika. Nikasema, "Asante, mwalimu."

Hiyo asante ndiyo iliyonichoma njia nzima. Huyu mtu anaoga maji ya mfereji kama sisi. Nani huku ana bustani ya maua? Sijawahi kupewa ua na mtu. Lakini debe nalijua, mpini wake umenikata vidole, na nimewahi kusimama mbele ya mfereji mkavu huku nikiusikia ukipumua hewa ndani. Anataka nitamani kwa vitu vya nani?

Nyumbani mama aliniuliza mbona nagonga sufuria. Nikamwambia hakuna kitu.

Leo asubuhi niliacha debe kwenye foleni kama kawaida, nikamwomba mama alichunge, nikaenda shule kabla ya kengele. Nilikata kila "ua" kwa kalamu ya wino nikaandika "debe" juu yake, kwa herufi kubwa. Kisha sikuondoka. Nilibaki hapo mpaka mwalimu akaja.

"Nani amechafua karatasi hii?"

"Ni mimi, mwalimu. Ni shairi la debe."

Alilisoma lote, taratibu. Akasema nimwone ofisini saa nne, wakati wa mapumziko.

"Nitakuja," nilisema. Asante sikusema.