Kadi za Kwenda Sayari Nyingine

Kadi najua kucheza. Hilo wacha niliseme mapema, maana watu wa mtaa wetu wa Waithaka wakisikia habari ya nyumba yangu wanadhani nilishindwa na kitu nisichokijua. Nilianza kucheza nikiwa kijana wa kuuza mishipi mkononi katikati ya jiji. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakitokea, tulikuwa tunajificha kwenye ngazi za jengo fulani, tunachanganya kadi tukingoja wapite. Kijana aliyecheza na mimi kwenye ngazi zile aliondoka bila mishipi. Leo nina duka la mazulia katika jengo lile lile, ghorofa nzima. Shule niliachia darasa la sita. Wenye digrii wananiletea barua za kuomba kazi, na kazi nawapa, wakiweza kubeba zulia bila kulikunja vibaya.

Nyumba pia nilijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na sebule yake ukiingia na viatu utajionea aibu wewe mwenyewe kabla sijakuambia. Kwa hivyo mama watoto alipoondoka, hakuondoka kwa sababu ya shida. Sikumpiga, sikumnyima chakula, sikuwa na mwanamke wa nje. Alihama mwanzo wa likizo ya Agosti, akachukua watoto wawili, akaenda kupanga nyumba ndogo kwenye jengo moja kule Parklands. Wazee wa pande zote mbili walipokaa pale sebuleni na kumuuliza mbele yangu tatizo ni nini, alisema amechoka kuambiwa.

"Kuambiwa nini, mama?" mzee wa kanisa akamuuliza.

"Kuambiwa tu," akasema.

Wazee wakanywa chai. Mwishowe wakakata hivi: likizo yote watoto watakuja kwangu kila Jumamosi. Shule zikifunguliwa, kaka yangu mkubwa ataenda kuwauliza wenyewe, mimi sipo na mama yao hayupo, kama wanataka kuendelea kuja. Watakalosema ndilo hilo. Nilikuwa wa kwanza kukubali. Msichana wangu yuko sekondari, mvulana ana miaka kumi. Mtoto gani atakataa nyumba kama ile?

Jumamosi ya kwanza walikaa kwenye sofa kama watu waliokuja kuposa. Niliwaeleza nilivyonunua ploti wakati watu walikuwa wananicheka.

"Dadi, hiyo ulituambia," msichana akasema, macho kwenye simu.

Nikawaeleza ya mishipi. Hata hiyo nilikuwa nimewaambia. Nikawasha televisheni. Saa ya kuondoka ilipofika mvulana alikuwa ashavaa viatu, amekaa karibu na mlango.

Jumamosi iliyofuata ndipo alipotaja kadi. Alisema familia ya Kihindi inayokaa ghorofa ya chini ya jengo lao huzima televisheni kila Ijumaa jioni, watu wote wanakaa sakafuni na kucheza, hata nyanya yao, na siku hizi wanawaita na wao.

"Mnacheza kadi gani?" nikauliza.

"Za anga, Dadi. Dunia imeungua, sasa mnaenda sayari ingine na roketi."

Nikamwambia kama ni mambo ya kadi, basi amefika kwa wenyewe.

Jumatatu nikafunga ofisi mapema nikaingia duka moja la michezo, si mbali na langu. Binti wa kaunta alinionyesha boksi lenye picha ya chombo cha anga kinachotoroka moto.

"Hii ni ya familia, boss. Hakuna kupigana."

"Nipe ile kubwa kuliko zote."

"Zote ni saizi moja."

Nikachukua hiyo.

Jumamosi msichana ndiye aliyesoma sheria, akitugeuzia kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameweka simu kando. Kwenye chombo kuna kazi nne: rubani, fundi, daktari na mkulima. Kila mtu anapewa kadi zake, na kila kadi ni kitu cha kuwafikisha: hewa, maji, mafuta au mbegu. Mnaziweka katikati kwa zamu, na zikilingana na nyota mliyopo, chombo kinasogea nyota moja. Kadi zako humwonyeshi mtu na huzitaji. Ukizitaja, mnafunua moja kutoka rundo jeusi, na kwenye rundo jeusi hakuna jema: moto, ugonjwa, kimondo.

"Sawa," nikasema. "Nani anashinda?"

"Sisi wote."

"Najua. Lakini wa kwanza ni nani?"

"Hakuna wa kwanza, Dadi. Tukifika tumefika wote. Tukikufa tumekufa wote."

"Hiyo ni kanisa, si kadi," nikasema, na mvulana akacheka. Tulianza.

Tulikufa haraka. Hewa iliisha tukiwa hata mwezi hatujaupita. Tulipofunua kadi za mikononi, msichana aliangalia kadi zangu kwa muda.

"Dadi, hewa yote ulikuwa nayo wewe."

"Nilikuwa naiweka."

"Unaiwekea nani?"

"Ya mwisho. Kadi nzuri unamalizia nayo."

"Mwisho ndio huu," akasema.

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilipeleka boksi lile dukani. Saa za chakula nikawakalisha wafanyakazi juu ya mazulia yaliyokunjwa tukacheza, lakini hao hawakunifaa, walikuwa wanangoja waone ninataka nini ndipo waweke. Hata hivyo nilishika. Mimi kitu nikikiamua nakishika. Nilijifunza kuachilia hewa mapema, na kutazama uso wa mtu badala ya kadi zake. Jumamosi zilizofuata tulivuka mwezi, tukafika nyota ya katikati. Mvulana alikuwa fundi, na kila chombo kikisogea alikuwa anatoa sauti ya injini kwa mdomo mpaka mate yanaruka. Msichana alianza kuacha simu kwenye kabati la viatu bila kuambiwa. Siku moja walipigiwa simu na mama yao na bado hawakuinuka, mvulana akaniambia, "Tucheze moja tu, Dadi, ya haraka." Usiku ule nililala vizuri. Nilijiambia kaka yangu hata asisumbuke kwenda Parklands, jibu liko hapa, limeacha makombo ya mandazi kwenye zulia langu.

Jumamosi ya mwisho ya likizo mama yao alikuja kuwachukua mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, nikamwambia aingie. Alikaa ukingoni mwa sofa alilochagua yeye mwenyewe miaka iliyopita, mkoba magotini.

"Mami, nafasi ya daktari iko," mvulana akasema.

"Mvua ikipungua tunaenda."

"Si bado inanyesha?"

Mama yao alivua viatu akashuka kwenye zulia.

Sijui niseme nini kuhusu mchezo ule. Alikuwa amezoea kule chini kwa jirani, lakini hiyo si yote. Ananijua. Alikuwa ananitazama kidogo, halafu anaweka maji, na ndiyo maji niliyokuwa nayahitaji. Mimi namtazama naweka mafuta, naye anainua nyusi kidogo kwa sababu ndiyo yenyewe. Hatukuwa tumeelewana hivyo tangu msichana azaliwe. Tulipita nyota ya katikati, tukapita mahali ambapo hatukuwahi kufika. Mvulana hata injini aliacha, anapumua tu kwa mdomo. Ikabaki nyota moja ya kutua. Mkononi nilibaki na kadi moja, hewa, ile ile iliyotakiwa, na zamu ilikuwa ya msichana, kisha yangu.

Nikasema, "Niko kadi."

Aliyekulia Nairobi hahitaji kuelezwa. Ukicheza kadi zetu za kawaida na umekaribia kumaliza, lazima utangaze kabla ya zamu yako, la sivyo ukimaliza haihesabiki na unakula zingine. Maneno hayo nimeyasema tangu siku za ngazi. Yalitoka kama kikohozi.

Mvulana alijiziba mdomo kana kwamba ni yeye aliyesema. Msichana akanyoosha mkono kwenye rundo jeusi.

"Wacha hiyo," nikamwambia.

"Dadi, umeongea."

"Nimesema nini? Sijasema nina hewa."

"Umesema umebaki na moja na ndio ya kumaliza. Hiyo ni kuongea."

"Kwa kadi mtu lazima aseme."

"Hii si ile."

Akafunua. Kimondo. Chombo kilikuwa kimeshagongwa njiani, na kimondo hicho ndicho kilichokimaliza.

Nilikuwa na hewa mkononi. Kila mtu pale alijua kwamba nilikuwa na hewa mkononi. Nilipiga magoti, nikachukua ile kadi nyeusi nikaisukuma chini ya zulia, nikapiga hewa yangu juu ya nyota ya mwisho.

"Tumefika," nikasema. "Nyumba ni yangu, gemu nimenunua mimi, na mimi nasema tumefika."

Nilikuwa nacheka. Nilidhani watacheka na wao. Mama yao aliniangalia, si kwa hasira, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mvua imepungua," akasema, na haikuwa imepungua.

"Nimewafikisha," nikasema. "Mnataka nini tena?"

Msichana alikuwa anakusanya kadi, anazipanga sawa, kingo kwa kingo. Ile ya chini ya zulia hakuitafuta. Mvulana alisimama karibu nami akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "Dadi, tungeanza tu tena. Si tungeanza tena?"

Nilikuwa na maneno mengi, siku zote ninayo. Nikasema barabarani kuna maji, waangalie.

Shule zilipofunguliwa kaka yangu alienda kama walivyokubaliana. Aliporudi alipitia dukani, akaketi juu ya zulia lililokunjwa na kukataa chai.

"Hawajakukataa," akasema. "Usianze kufikiria hivyo. Wamesema baba yao ni baba yao. Lakini Jumamosi Waithaka hawatakuja. Wamesema ukitaka, uende wewe, Ijumaa, ucheze na wao kule chini."

"Kwa Mhindi?"

"Kwa jirani. Huyo jirani mwenyewe amesema ukaribie."

"Niende nikae sakafuni kwa nyumba ya mtu, niambiwe zamu yangu ni lini?"

"Wewe si unauza vya kukalia sakafuni?" kaka yangu akasema. Halafu akaona uso wangu akaacha utani. "Msichana alisema hivi: mwambie Dadi si lazima ashinde. Nikamuuliza kama niseme hivyo hivyo. Akasema hivyo hivyo."

Nilimwambia kaka yangu kwamba mimi ni mtu nimejenga. Akasema anajua. Nikamwambia nyumba ina vyumba vya kutosha kila mtoto na cha kwake. Akasema hilo pia anajua, akaniacha.

Nilienda. Watu wasiseme sikuenda. Ijumaa jioni nilitoka dukani na shati safi, nikaendesha hadi Parklands, nikafika kwenye geti la jengo lao. Dirisha la chini lilikuwa na taa. Kupitia pazia niliona vichwa vya watu waliokaa chini kwa duara, na nikasikia injini ya mdomo, ile ya mate. Walikuwa wamesogea nyota.

Askari wa geti alikuja kwenye dirisha la gari, kijana mwenye heshima.

"Habari ya jioni, mzee. Unaenda kwa nani?"

Nikamwambia.

"Na wewe ni nani wao?"

Kuna jibu, na ni neno moja, na mtu yeyote angelisema.

"Basi ngoja nipige simu," akasema. "Wakikubali nitakufungulia."

Alikuwa ashaanza kubonyeza. Mimi, mtu wa kupigiwa simu ili nikubaliwe kwa watoto wangu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu anaangalia uso wa mama watoto na kujua aweke maji. Nikamwambia awache, nimekosea jengo. Akaniomba radhi, akanisaidia kurudi nyuma nisigonge ukuta.

Nyumbani nililala kwenye zulia la sebuleni na shati lile lile. Ijumaa iliyofuata nilienda tena. Askari alikuwa mwingine, na swali lilikuwa hilo hilo.