Niliosha Mara Tatu

Kila nikichambua managu, ile mboga ya mnavu, hapa Kawangware, harufu ya yale majani mabichi hunibakia vidoleni, na nikiinusa tu naudhika upya.

Tuliishi mtaa wa mabanda wa Silanga, karibu na bwawa la maji meusi, na mama alikuwa na kipande cha shamba alichopanda managu. Nilikuwa na miaka tisa. Ndugu yangu Omosh alikuwa na minne. Kazi yangu ilikuwa kuchuma mboga na kumchunga asile vitu ovyo. Niliifanya kama mwalimu mkuu. Majani tunapika. Matunda meusi tunakula. Matunda ya kijani ni sumu, usiguse. Nilimkaririsha kila asubuhi, na akikosea neno moja tulianza upya.

Hakukosea. Aliuliza tu.

"Kwa nini ya kijani?"

"Ni sumu."

"Lakini mti ni ule ule. Na wewe unakula meusi."

"Omosh, wacha kunisumbua bana."

"Kwa nini?"

Sikujua. Nawaambia ninyi, kwa sababu wakati ule nisingemwambia mtu yeyote. Siku ya kumi hivi nilichoka, nikamfokea, "Kwa sababu ni machafu!" Akaitikia, akaenda kucheza. Nikajiona nimeweza.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba ameinama juu ya beseni la mama, anatapika, jasho linamtoka.

"Umekula nini?"

"Ya kijani."

"Si nilikukataza!"

"Niliosha," alilia. "Sista, niliosha mara tatu. Na sabuni."

Mama alimbeba mbio hadi kliniki. Mimi nilimfuata na beseni, sijui la nini. Walimlaza hadi jioni, akapona, na njiani kurudi akaomba chapati.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma, peke yangu, kwamba mmea huweka sumu kwenye tunda bichi kulinda mbegu ambazo hazijakomaa. Basi! Mtoto wa miaka minne angeelewa: watoto wa mmea bado wadogo, waache wakue. Lakini mimi nilimwambia ni uchafu, na kwetu, kando ya maji yale meusi, uchafu ulikuwa na dawa yake, na mama alituimbia dawa hiyo kabla ya kila mlo: osha kwanza.

Kwa miaka mingi nilimlalamikia kila mtu kwamba Omosh hasikii. Alinisikia neno kwa neno.