Dola Yenye Tundu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikisubiri kuhudumiwa katika duka la sarafu za kale hapa Birmingham. Mbele yangu mama mmoja wa Kizanzibari alivua mkufu, akauweka juu ya kaunta. Kidani chake kilikuwa dola ya fedha ya Marekani, ya zile za mwanzo kabisa. Bintiye alitaka iuzwe. Mama alitaka tu kujua ni kitu gani.

Muuzaji aliitazama kwa lenzi, pande zote mbili. Kisha akauliza ni nani aliyeitoboa.

"Bibi yangu," mama akasema, binti akitafsiri. "Alitaka kumvisha mama yangu."

Mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu aliomba kuishika. Akaifumba kiganjani. "Ina joto," akashangaa. "Zangu zote zinakaa kwenye plastiki."

Muuzaji alisema ni adimu sana, ila tundu limeiharibu. Yuko fundi wa kuliziba.

Mama akacheka. "Likizibwa, mie n'taivaaje?"

Akaivaa, wakatoka. Yule mzee akawakimbilia hadi barabarani. Nilidhani anakwenda kutaja bei yake. Kumbe alitaka kujua yule bibi aliyeitoboa aliitwa nani.