Poda ya Mwanafunzi wa Mwisho

Asubuhi ya kusomewa matokeo, shule yetu ilinukia poda ya watoto. Kwetu Likasi, mji wa viwanda vya shaba, mtoto akitangazwa kwamba amepita, mama yake humwagia poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, na hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Ilikuwa mwanzo wa Julai, baridi ikiuma masikio, harufu ya asidi kutoka kiwanda cha Shituru ikikwaruza koo, na akina mama wamejaa uwanjani na makopo yao wameyaficha ndani ya vitenge. Papa, yaani baba yangu, karani wa reli, mtu wa kuvaa koti hata akienda kununua chumvi, alikuwa ametamka mezani: nisipokuwa kati ya kumi wa kwanza, shule basi, nitakwenda sokoni kuuza samaki wakavu na shangazi. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na jamani, nilipenda shule kuliko chakula.

Niseme waziwazi nafasi hiyo ilivyopatikana, maana watu huiheshimu kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Pointi za masomo yote zilijumlishwa, na Kifaransa kilikuwa na pointi nyingi kuliko biolojia. Hata biolojia yenyewe iliulizwa kwa Kifaransa! Nyumbani tulisema Kiluba cha Kasai, na wageni wakija, Kiswahili. Ningeweza kukuchorea moyo wa mwanadamu na mishipa yake yote, lakini maelezo yangu chini ya mchoro yalichechemea, na pointi zikaenda zao. Mtoto wa daktari, aliyekemewa kwa Kifaransa tangu anatambaa, akawa mbele yangu kila muhula. Halafu eti yule ana akili, huyu hana. Akili gani? Walipima lugha ya sebuleni kwa watu, wakaipa jina la akili, na mpaka leo hainiingii kichwani.

Prefe, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, alisoma majina kuanzia wa kwanza kwenda chini. Kumi wa kwanza walipigiwa vigelegele, na poda ikaruka. Jina langu halikuwamo. Papa, aliyeketi na wakubwa wake wa reli waliokuja kwa ajili ya watoto wao, akatazama viatu vyake. Baadaye makofi yakapungua, wengine wakaanza kuondoka, na mimi nimeng'ang'ania sketi yangu nikingoja. Hatimaye prefe akasema, "Na wa mwisho kati ya waliopita, Ngalula." Uwanja mzima ukacheka. Hapo ndipo nilipomwona mama akija, anapita katikati ya viti bila kuomba radhi, kopo mkononi. Prefe akamwambia kwa kipaza sauti, kwa mzaha, "Mama, poda ni ya bale ba kwanza."

"Prefe," mama akajibu, tena kwa sauti kubwa kuliko kile kipaza sauti, "miye nakuuliza kitu kimoja tu. Mutoto amepita ao hapana?"

"Amepita, mama."

"Basi!" Akanimwagia kopo lote. Poda iliniingia puani, nikapiga chafya huku nalia. Kisha akamgeukia papa, mbele ya wakubwa wake wa reli: "Papa Ngalula, umesikia? Mutoto wako amepita. Simama umupe mukono." Papa alisimama. Angefanya nini? Alinipa mkono, poda ikamshika kwenye koti, na watu waliokuwa wanacheka wakaanza kupiga makofi. Baada ya hapo angeanzia wapi kunipeleka sokoni? Alinuna wiki nzima, lakini hakulitaja tena soko.

Siku hizi matokeo yanatumwa kwenye simu, na nafasi za watoto wote zinasomwa na kundi zima la wazazi kabla hata mtoto hajafika nyumbani. Kelele zimehama uwanjani, lakini kipimo ni kilekile, na mimi bado sikiamini. Mwezi jana mwanangu alirudi ameinamisha kichwa. Papa, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwangu, akavaa miwani na kunyoosha mkono: "Lete tuone. Ni wa ngapi?" Nilimwahi, nikaizima simu yangu yenye matokeo.

"Papa, Septemba anarudi shule," nikamwambia. "Uko na swali lingine?"